Bi. Nangila Wanyonyi na Shuka la Kaloleni

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Nangila Wanyonyi atafunga kabati lake hapa Televisheni ya Dirisha na kurudisha ufunguo, baada ya kutumika nasi kwa miaka ishirini na saba. Kabati lenyewe lina jozi ya gambuti, mwavuli mkubwa uliotoboka, na chupa ya chai ambayo hakuna mtu mwingine anayethubutu kuigusa. Ndiye aliyeanzisha kipindi cha wanyama cha Majirani Wetu, akakiongoza na kukitangaza mpaka leo. Watoto wengi wa Eastlands hapa Nairobi hawajui jina lake halisi. Wao humwita Mathe wa Mwewe, yaani mama wa mwewe.

Mimi naitwa Musau, mhariri wa picha. Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu nimekaa na Bi. Nangila katika chumba cha uhariri muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote, na kazi yangu kwa miaka yote hiyo imekuwa kumpunguza maneno. Wanaomjua kwa runinga peke yake wanadhani ni mtu mkimya. Wenzangu mnaokula naye chakula cha mchana mnajua ukweli, na wengine wenu mmehamisha meza.

Kamati ya ustawi ilimwuliza mapema angependa zawadi gani ya kustaafu. Ikamtajia saa ya ukutani, tangi la maji na blanketi zito la Kichina. Akazikataa zote tatu, tena kwa maelezo marefu. Alichoomba ni kitu kimoja: shuka la Kaloleni liendelee kutundikwa baada yake.

Kwa wageni wa ofisi hii, shuka ni hivi. Kabla kipindi cha Majirani Wetu hakijaonyeshwa hewani, tunakipeleka katika ukumbi wa mtaa wa Kaloleni, tunatundika shuka jeupe ukutani, tunawaonyesha wakazi. Mtu yeyote aliyeketi humo, awe na meno au asiwe nayo, ana ruhusa ya kuinua mkono na kusema "Kata!" akiona tumesema uongo. Akishasema na kutoa sababu, mimi mhariri sina budi kukata pale au kuthibitisha mbele ya watu wote kwamba tuko sawa.

Bwana Gichuru, meneja wetu wa vipindi aliyejiunga nasi mwaka jana, alikuwa ameshatangaza mkutanoni kwamba desturi hiyo ingekwisha siku Bi. Nangila atakapostaafu. Hakusema kwa ubaya. Shuka linatuchelewesha wiki nzima, na siku hizi mtu ana simu mkononi, hamngoji mtu. Ombi la zawadi lilipomfikia, alijibu neno moja, "Tutaona." Bi. Nangila alirudi katika chumba cha uhariri akaketi bila kumimina chai. Akaniambia kwamba kama shuka litaondoka, basi hakuna alichokiacha hapa ila sura yake, na sura inabadilishwa kwa dakika moja. Sikuwa nimewahi kumwona na wasiwasi wa namna ile. Naomba msomaji aliweke hilo "tutaona" akilini hadi mwisho, maana sisi tulilibeba miezi mitatu.

Bi. Nangila alizaliwa Kaloleni, katika zile nyumba za mawe zenye paa za vigae, mtoto wa nne wa Mzee Wanyonyi, fundi wa reli aliyetoka pande za Bungoma. Mwenyewe anasema alijifunza kutazama ndege kwa sababu ya uvivu. Alikuwa akitumwa kuanua nguo, naye akasimama chini ya miti akiwaangalia mwewe hadi mvua ikanyesha na nguo zikalowa tena. Alichapwa mara nyingi na hakupona.

Alipojiunga nasi hakuajiriwa kama mtangazaji. Kazi yake ilikuwa kutafsiri filamu za wanyama kutoka ng'ambo na kuzisomea kwa Kiswahili. Alikaa kwenye kile kibanda cha sauti kisicho na dirisha, jasho likimtiririka shingoni, akieleza jinsi dubu mweupe anavyovumilia baridi. Watangazaji wa filamu hizo walikuwa wakinong'ona, kwa hiyo naye akanong'ona. Siku moja aliingia jikoni tukinywa chai akatuuliza swali: huyu bwana ananong'ona kwa nini, na sauti yake imeingizwa studio dubu akiwa ameshaenda zake zamani? Tangu siku hiyo akaacha kunong'ona, akasoma kwa sauti ya mtu anayemweleza jirani jambo aliloliona njiani.

Barua za watazamaji zikaanza kuja, lakini waliouliza habari za dubu walikuwa wachache. Mtazamaji mmoja wa Makadara alitaka kujua yule mwewe anayempokonya mtoto wake mandazi hulala wapi. Bi. Nangila hakujua. Alikwenda kwa mkurugenzi wa wakati ule akamwambia kwamba kituo hiki kinajua analala wapi dubu wa ncha ya dunia na hakijui analala wapi mwewe wa Jogoo Road, na kwamba hiyo ni aibu ya ofisi nzima, kuanzia juu. Akapewa kamera moja, na Bwana Shitanda wa kuishika. Hivyo ndivyo Majirani Wetu ilivyozaliwa.

Shitanda, mpiga picha wetu mpaka leo, alitaka mambo yafanywe inavyostahili. Siku ya kwanza kazini alimletea Bi. Nangila kofia ya kaki na kizibao chenye mifuko mingi, kwa sababu watangazaji wa ng'ambo huvaa hivyo. Akavaa. Walikuwa Tassia, kati ya maghorofa, na kina mama waliokuwa kwenye foleni ya maji wakamtazama juu mpaka chini. Mmoja akamwambia kwa huruma, kama abiria aliyepotea, "Mathe, mbuga haiko huku. Umepitishwa steji." Kofia ile alipewa bawabu wa ghorofa jioni hiyo hiyo. Bi. Nangila akarudi kwenye leso na gambuti zake, na akaniambia neno ambalo nimelisikia akiwaambia watangazaji wote waliokuja baada yake: mtazamaji akiitazama kofia yako, hamtazami mnyama.

Hapo hapo Tassia ndipo alipojifunza la pili. Walikuwa wakimfuata mjusi kafiri, yule wa kawaida wa ukutani, ambaye jioni hungoja wadudu karibu na taa ya veranda. Kila walipopanda ngazi na kamera, taa zilizimika ghorofa nzima. Hakuna taa, hakuna wadudu, na mjusi naye hana sababu ya kutoka. Shitanda akashuku nyaya mbovu. Kumbe wapangaji walidhani hawa ni watu wa kukagua nani amejiunganishia umeme kiholela, na habari zilikuwa zikiwatangulia ngazini. Bi. Nangila akaweka kamera chini, akabeba chupa ya chai, akapiga hodi mlango kwa mlango akieleza kwamba anamtafuta mjusi. Walimcheka sana, lakini taa zikawaka. Tangu hapo hakuwahi kumpiga picha mnyama yeyote kabla hajawaamkia wanaoishi naye.

Kuhusu maneno, yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mkali kuliko mimi. Angeandika maelezo ya kurasa nzima kuhusu kinyonga, maana kuandika anakupenda kama kuongea, halafu angekuja kuketi kando yangu na kuanza kufuta. Alikuwa na msemo kwamba mnyama akishaingia, mtangazaji atoke. Tukifika pale kinyonga anapofungua jicho moja, alikuwa akiniambia niache sentensi moja, na mara nyingi hata hiyo akaiondoa. Kuna vipindi ambavyo amesema mambo machache kuliko anayosema akiagiza chapati.

Muziki ndio uliotugombanisha. Mimi napenda ngoma, sikatai. Kuna kenge mmoja tulimpata kando ya Mto Nairobi, mkubwa, mwenye mwendo wa chifu, nikampigia ngoma nzito zilizotetemesha meza. Bi. Nangila akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Musau, huyo kenge anaenda vitani ama anaenda kunywa maji?" Alikuwa anaenda kunywa maji. Nikaziondoa ngoma. Aliniambia kwamba tukimfanya kenge kuwa jambazi kwenye runinga, kuna mtu ataokota jiwe kesho asubuhi, na jiwe hilo litakuwa letu. Nilinuna siku mbili, kisha nikatazama kipindi chenyewe, yule kenge akiteleza majini kimya kimya, nikakiri kwamba hakuhitaji ngoma.

Sasa tufike kwa mwewe, kwa maana bila wao hakuna shuka.

Mwaka wa tatu wa kipindi, Bi. Nangila alitamani picha moja: mwewe akishuka, akichukua nyama, akipaa nayo, yote bila kukatwa. Yeye na Shitanda walikaa Soko la Burma siku baada ya siku, mpaka wachoma nyama wakaanza kuuliza kama hawa wawili hawana kwao. Mwewe walishuka kila kamera ilipogeuzwa upande mwingine. Mwishowe uvumilivu ukawashinda. Wakanunua matumbo katika bucha ya Bwana Wahome, Shitanda akapanda juu ya mabati ya kibanda cha jirani wa Wahome, akawa anayarusha hewani kila siku watu wakila chakula cha mchana. Mwewe si wajinga. Haukupita muda wakawa wanafika kabla ya Shitanda, wamejipanga juu angani wakimsubiri.

Picha ikapatikana, na ilikuwa tamu. Iliingia hewani na sauti ya Bi. Nangila ikisema hivi ndivyo mwewe anavyowinda mjini. Tukapewa tuzo, tukakata keki.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyewaambia mwewe kuwa kazi imekwisha. Waliendelea kufika saa ile ile, juu ya mabati yale yale, na walipokosa matumbo wakageukia sahani. Bucha ya Wahome ndiyo iliyokuwa karibu. Mteja anainua mbavu, kabla hazijafika mdomoni zimeshapaa. Mama mmoja aliparurwa mkono, kachumbari ikamwagikia watu waliokuwa wamevalia harusi. Wateja wakahamia bucha za ndani zenye dari, na Wahome akabaki akipepea jiko lisilo na nyama. Wenzake sokoni wakakubaliana kwamba dawa ya ndege hawa ni kuwawekea nyama yenye sumu, na siku ikapangwa.

Wakati huo ndipo kipindi kiliporudiwa hewani, na Wahome akakitazama ndani ya bucha yake mwenyewe. Aliliona paa la jirani. Akaliona na juala lake la buluu, mfuko anaowafungia wateja nyama, pembeni mwa picha. Alikuja hapa ofisini akiwa na koti lake jeupe lenye damu, na askari wa lango hakumwuliza kitambulisho. Akasimama mbele ya Bi. Nangila akamwambia, "Hiyo si kuwinda, mama. Hiyo ni kulishwa. Na mwenye kulisha ni wewe." Sisi sote tulingoja ajibiwe, maana tunamjua mwenzetu. Bi. Nangila alimvutia kiti, akammiminia chai kutoka kwenye chupa yake.

Wiki iliyofuata kipindi kilianza na yeye akiwa amesimama juu ya mabati yale, juala la buluu mkononi. Akawaeleza watazamaji picha ile ilipigwaje, nani alirusha, na mwewe walijifunza nini kutoka kwetu. Akaonyesha na picha ya Shitanda akirusha, mkono wake ukionekana vizuri. Akawaomba watu wa soko wampe muda kabla ya kutumia sumu. Tuzo ikarudishwa, keki haikuwezekana. Wakubwa wa wakati ule walikasirika, wakamsimamisha kutangaza msimu mzima.

Msimu huo ndio niupendao kuliko yote, ingawa hakuna hata dakika yake moja iliyopigwa picha. Bi. Nangila alikwenda Burma kila mchana na mwavuli wake mkubwa, akawa anawasindikiza wateja wa Wahome kutoka jikoni hadi mezani, mwavuli juu, sahani chini. Watu walikuja makusudi kumwona mama wa runinga akivukisha nyama choma. Ule mtobo mliouona kwenye mwavuli ni ukucha wa mwewe aliyekataa kushindwa. Aliwabembeleza wenye bucha waweke mabaki kwenye ndoo zenye vifuniko, akamsaidia Wahome kufunga turubai juu ya meza. Mwewe walipokosa faida siku nyingi mfululizo, walianza kupungua, kisha wakarudi kwenye mizunguko yao ya zamani. Sumu haikuwekwa. Wateja nao walirudi, na wengine walilalamika kwamba mwavuli umeondolewa.

Wahome hakumshukuru kwa maneno. Alimwekea bakuli la supu, akamwambia, "Siku ingine mtuonyeshe sisi kwanza, kabla mwonyeshe Kenya nzima." Bi. Nangila alipopewa tena kipindi chake, alikwenda nyumbani kwao Kaloleni akamwomba mamake shuka la kitanda, jeupe, lililotariziwa maua ya uzi mwekundu pembeni. Ndilo lile lile mpaka leo. Kila mnyama tuliyemtangaza tangu wakati huo, popo, kenge, korongo wa jalalani, amepita kwanza kati ya maua ya mamake Nangila.

Nisiwadanganye kwamba shuka limekuwa raha tupu. Mwanzoni watoto walipiga kelele "Zii! Kata!" kila dakika, kwa utamu wa kunikomoa, ndipo ikawekwa sheria ya kutoa sababu. Wahome, ambaye hakukosa hata mara moja, alishikilia kwamba popo ni panya mzee aliyeota mabawa, na kipindi kizima cha popo kilikwama mpaka ukumbi ukapiga kura na kumshinda. Alisusa wiki hiyo. Mara iliyofuata alirudi na mto wake wa kukalia, kuonyesha kwamba hang'oki. Tumeshachelewa tarehe, tumeshagombana na wenye matangazo, na mara moja mimi nilikata kipande kizuri mno mpaka nikahisi kulia.

Lakini tulipowaita korongo ndege wachafu, wafagiaji wa barabara waliokuwa wameketi nyuma waliinua mikono wote pamoja. Walisema korongo hachafui, anakula tulichotupa sisi, na kama tunataka kumtaja mchafu tugeuze kamera. Tukageuza kamera. Kile kilikuwa kipindi bora kuliko vyote tulivyowahi kutoa, na kisingepatikana katika ofisi hii hata tungekaa mkutanoni mwaka mzima.

Atakayeshika nafasi yake ni Mitchelle Andati, binti wa Tassia, ambaye wengi mnamfahamu kwa video zake fupi za wadudu kwenye simu. Alipokuja, Bi. Nangila alimpiga marufuku kutumia neno "ajabu" kwa miezi sita, akisema mnyama akiwa wa ajabu mtazamaji ataona mwenyewe, na asipokuwa, neno halitamsaidia. Mitchelle aliteseka, halafu akaiva. Bwana Gichuru anampenda kwa sababu anafanya kazi haraka. Tuliogopa kidogo kwamba angekuwa upande wa haraka.

Basi Jumamosi ya wiki mbili zilizopita tulitundika shuka kwa kipindi cha mwisho cha Bi. Nangila. Alikuwa amewarudia mwewe, wale wanaojenga kwenye miti ya Kaloleni kwao, bila matumbo na bila ujanja wowote. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wahome alikuwa benchi ya mbele, juu ya mto wake. Bwana Gichuru alisimama nyuma karibu na mlango, kwa mara ya kwanza tangu ajiunge nasi, na alikuwa ametuandalia muziki wa kuagana na maandishi ya dhahabu ya mwisho. Bi. Nangila aliketi kando yangu, akishika kifuniko cha chupa yake ya chai na kukizungusha. Sote tulijua anachokingoja, na sote tulijifanya hatujui.

Ile picha ya mwewe akishuka hakuipata. Anastaafu bila kuipata. Alichopata ni mwewe jike akitua kwenye kamba ya nguo mchana kweupe, akichagua, akivuta soksi moja ya shule, akipaa nayo hadi kiotani, akiwatandikia makinda wake. Hakuna neno lililosemwa hapo, wala ngoma. Sauti ya mama mmoja ikatoka katikati ya ukumbi, "Wee! Hiyo soksi ni ya Junior wangu! Na nilimchapa!" Watu walicheka mpaka ikabidi nisimamishe picha. Junior mwenyewe, sasa hana hatia, alinyanyuliwa juu.

Kisha ukafika mwisho. Muziki wa Bwana Gichuru ukaanza taratibu, maandishi ya dhahabu yakapanda, na sauti ya Bi. Nangila ikasema: kuanzia leo mimi ni mtazamaji tu, sina la kuongeza, kwaherini.

Wahome akainua mkono. "Kata."

Nikawasha taa. Akaulizwa sababu, kama sheria inavyotaka. Akasimama taratibu, maana magoti yake si ya jana, akasema, "Huyu mama kukosa la kuongeza? Tangu lini?" Ukumbi ukalipuka. Lakini alibaki amesimama, na kicheko kilipokwisha akasema kwa sauti ya chini, "Ulitufundisha humu ndani tusipitishe uongo hata ukiwa mtamu. Huo ni mtamu, mama. Lakini ni uongo. Wewe huendi mahali."

Bi. Nangila aliinamisha uso. Nilimwona akipangusa macho kwa pindo la leso, na yeye si mtu wa machozi. Mimi nilikuwa na kidole juu ya kibonye, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo sikujua la kufanya, maana muziki ule na dhahabu ile ni vya meneja, na kukata hapo ni kukata mpango wake mbele ya watu. Watu wakageuka kumtazama mlangoni. Mitchelle naye akasimama, akaweka mkono wake juu, akauacha hapo hapo.

Bwana Gichuru alituangalia, akaliangalia shuka na maua yake, akamwangalia Junior aliyekuwa bado mabegani mwa watu. Kisha meneja wetu wa vipindi akainua mkono wake mwenyewe, kama mkazi yeyote.

"Kata," akasema. "Na wiki ijayo tukuje na benchi zaidi."

Kwa hiyo, wenzangu, mnaouliza kwa nini kipindi cha mwisho kilikwisha ghafla na soksi, bila buriani, sasa mnajua. Bi. Nangila hakuaga hewani. Kaloleni ilikataa. Na zawadi aliyoiomba ameipata, imetolewa na yule yule aliyesema tutaona, tena kwa mkono wake wa kulia. Vipindi vya Mitchelle vitapita kwenye shuka kwanza, pamoja na zile video zake fupi, ambazo Wahome ameshaanza kuzitilia shaka.

Kamati ya ustawi ilibaki na pesa za blanketi mkononi. Baada ya majadiliano tukanunua kitu kidogo, tukakitarizia maua mekundu.

Bi. Nangila, kwa niaba ya Televisheni ya Dirisha, asante. Asante kwa kutufundisha kupiga hodi, kwa kunyamaza panapostahili, na kwa kupanda juu ya mabati yale na juala mkononi wakati ungeweza kujificha nyuma ya tuzo. Tunakuombea afya, magoti imara, wajukuu wasikivu, na nguo zisizoibwa kambani. Mto wako wa kukalia uko Kaloleni, benchi ya mbele, kushoto kwa Wahome. Njoo ukae. Na siku tutakapodanganya, inua mkono.